Garnett Silk: miaka 28 tu duniani, na barua aliyotuandikia (uzi mrefu)

#1. Mwenye uzi, Goma

Wakubwa kwa wadogo, salamu.

Jana nilipanda moto (pikipiki ya abiria) hapa Goma, kutoka Signers kwenda Ndosho. Motari alikuwa amefunga kispika kidogo kwenye usukani, na tulipokaribia Katindo ukaanza wimbo "Hello Mama Africa". Nikamgusa bega, nikamuuliza kama anamfahamu anayeimba. Akajibu bila kugeuka: "Huyo si Peter Tosh?" Kisha akajisahihisha: "Hapana, ni yule aliyeungua pamoja na mama yake."

Nimeshuka, nimemlipa, lakini maneno yale yamenikaa kifuani hadi usiku huu. Kwetu sisi mtu huyu amebaki vitu viwili: wimbo ambao tunampa mtu mwingine, na kifo. Katikati pamekuwa patupu. Na hapo katikati ndipo alipo Garnett Silk mwenyewe, mwimbaji wa reggae wa Jamaika, kwa hiyo leo nataka tukae hapo.

Jina alilopewa na wazazi ni Garnet Damion Smith. Alizaliwa tarehe 2 Aprili 1966 katika parokia ya Manchester, Jamaika. Kule parokia ni eneo la utawala, kama sisi tunavyosema teritwari. Sehemu kubwa ya Manchester iko bara, mbali na fukwe za watalii. Ni nchi ya vilima na udongo mwekundu wenye boksiti, na mji wake mkuu, Mandeville, unajulikana kwa hewa ya baridi. Mtu wa Kivu angeuzoea upesi: ukungu wa asubuhi, milima, na madini yanayochimbwa yakapelekwa mbali.

Siku kumi na tisa baada ya kuzaliwa kwake, tarehe 21 Aprili 1966, Mfalme Haile Selassie wa Uhabeshi alitua Kingston. Marasta, wanaomheshimu mfalme huyo kama Mungu, walifurika uwanjani, wakavuka vizuizi hadi chini ya mabawa ya ndege, na mfalme akakaa ndani kwa muda kabla ya kuteremka. Marasta wanaiadhimisha siku hiyo mpaka leo. Nimeitaja kwa sababu Silk alikuja kumwimba mfalme huyo kuliko alivyomwimba mtu mwingine yeyote, na alikulia katika kisiwa ambacho kilikuwa bado kinaisimulia ziara ile.

Akiwa na miaka kama kumi na miwili alishika maikrofoni kwa jina la Little Bimbo. Hakuwa mwimbaji. Alikuwa dijei.

Ngoja nieleze neno hilo, maana linapoteza wengi. Hapa Goma dijei ni anayepiga nyimbo harusini. Jamaika, anayechagua na kuweka santuri ni mtu mwingine; dijei ni yule anayeongea juu ya mdundo kwa mahadhi ya haraka, anachangamsha umati, anatupa maneno kama mpiga debe mwenye kipaji. Kila mtaa ulikuwa na mitambo yake mikubwa ya muziki, na watoto walijifunzia kazi hapo, usiku, mbele ya watu wasioficha wanapochoshwa. Bimbo alipita shule hiyo kwa miaka. Wimbo wake wa kwanza kutoka sokoni, "Problem Everywhere", ulitolewa mwaka 1987, na humo bado ni dijei.

Naendelea kesho. Umeme unasumbua.

#2. Mchangiaji, Bukavu

Mukubwa, njo nasikia leo kama alianzia kwenye kuongea! Mimi nilifikiri alizaliwa na ile sauti. Endelea, tuko hapa.

#3. Mwenye uzi

Asante, ndugu wa Bukavu. Sauti alizaliwa nayo, ila alichelewa kuambiwa.

Watu wawili walimbadilisha. Wa kwanza ni Tony Rebel, aliyekuwa dijei kama yeye na Rasta tayari. Kupitia urafiki wao Bimbo akaingia katika imani. Wa pili ni mshairi Yasus Afari, aliyemshauri aache kuongea, aimbe. Fikirieni uzito wa ushauri huo. Miaka zaidi ya kumi umejenga jina kwa mdomo wa haraka, watu wanakupenda hivyo, halafu mtu anakwambia uweke silaha hiyo chini. Na wakati huo dijei ndiye aliyekuwa mfalme wa Jamaika. Kuimba taratibu, tena nyimbo za Mungu, kulionekana kama kurudi nyuma.

Alikubali. Akaingia Kingston, akarekodi na Steely na Clevie, wale watengenezaji wawili ambao midundo yao ya kompyuta ilikuwa imetawala redio. Hao ndio waliomwita Silk, hariri, kwa ulaini wa sauti. Lakini sehemu kubwa ya walichorekodi pamoja haikutoka wakati ule. Kijana akafunga mizigo, akarudi Manchester.

Mimi naamini kurudi huko ndiko kulikomtengeneza. Kule nyumbani alikaa akitunga na Anthony Rochester, ambaye wenzake walimwita Fire, na walipomaliza alikuwa na nyimbo ambazo si za dijei anayejaribu kuimba. Mwaka 1992 ikatoka albamu "It's Growing", iliyotengenezwa na Bobby Digital. Kuanzia hapo hadi kifo ni miaka miwili na kitu. Kazi yote tunayomkumbukia imo ndani ya muda huo, mfupi kuliko watu wengine wanavyochukua kumaliza nyumba ya mbao.

Sikilizeni anavyoimba. Anaanza chini, karibu na sauti ya kuzungumza, kama mtu anayeomba akiwa peke yake. Kisha neno moja, mara nyingi neno la mwisho wa mstari, analipandisha bila kulisukuma, na kule juu linatetemeka kidogo kabla ya kuachiwa. Chini yake mdundo ni uleule wa dansi za mitaani, mgumu, wa mashine. Huo ndio ubunifu wake: hakuukimbia mdundo wa vijana kwenda kuimba na magitaa ya miaka ya 70. Aliingia na Zaburi katika mdundo uleule ambao wenzake walikuwa wanausifia bastola na uchi wa wanawake, na vijana wakacheza. Baada yake wakaja wengi kwa njia hiyo. Buju Banton, aliyekuwa ameanza upande ule mwingine kabisa, alitoa "'Til Shiloh" mwaka 1995 akiwa ameelekea kwa Jah, Mungu wa Marasta. Luciano naye akapata uwanja uliokwisha kulimwa.

Kuhusu wingi wa albamu zenye jina lake: Jamaika mwimbaji hafungwi na kampuni moja. Asubuhi yuko kwa mtengenezaji huyu, jioni kwa yule, na mdundo mmoja unaweza kuimbiwa na watu ishirini. "Hello Mama Africa" ni ya Richard Bell wa Star Trail. "Zion in a Vision" ni ya Jack Scorpio. Alipofariki, kila aliyekuwa na kanda zake kabatini alizitoa. Ndiyo maana ukitafuta leo unakutana na rundo la mikusanyiko inayorudia nyimbo zilezile.

#4. Mchangiaji, Lubumbashi

Mukubwa, heshima zangu. Lakini huku L'shi sisi tulimlilia Lucky Dube. Mtu wa bara letu, anaimba mambo yetu, anauawa Johannesburg mbele ya watoto wake. Huyu Silk ananipa picha ya kwaya ya Jumapili. Kila wimbo Mungu, Mungu, Mungu. Mapambano yako wapi?

#5. Mwenye uzi

Ndugu wa Lubumbashi, swali lako nalipokea kwa mikono miwili. Tarehe 18 Oktoba 2007 hata Goma ilinyamaza. Lucky Dube alikuwa na miaka 43, na watekaji wa magari walimpiga risasi Rosettenville alipokuwa anawashusha wanawe. Sitawashindanisha. Kaburi la mmoja halipunguzi la mwingine.

Ila kuhusu mapambano, niruhusu nikupe jibu la mwili, si la kitabu. Usiku mmoja mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia Goma, tulikuwa tumelala sakafuni kwenye korido, watu tisa, kwa sababu korido haina dirisha. Umeme ulikuwa umekatika, maji yamekatika, intaneti hakuna. Risasi zilikuwa zinapita juu ya mabati. Mtoto wa dada yangu, ana miaka sita, meno yalikuwa yanagongana. Nilikuwa na nyimbo chache kwenye simu. Nikaiweka simu sikioni mwake, sauti chini kabisa, "Lord Watch Over Our Shoulders". Hajui Kiingereza. Hakuelewa kwamba mtu yule anamwomba Mungu awalinde wanaotembea katikati ya hatari. Lakini wimbo ulipokwisha alinishika mkono akasema, "Rudisha." Nikarudisha mpaka betri ikafika asilimia nne.

Sala ya namna hiyo mimi siiiti kwaya ya Jumapili. Aliyeitunga alikuwa anaishi katika nchi ambayo bunduki zilikuwa zinalia karibu, na tutaona jinsi bunduki zilivyofika hadi kwao.

Na kuna "Hello Mama Africa". Wengi wanauchanganya na "Mama Africa" ya Peter Tosh ya mwaka 1983, kwa sababu wote wawili wanamsalimu mama. Ni nyimbo mbili tofauti. Huu wa Silk ulishika nafasi ya kwanza katika chati za reggae Uingereza. Usikilize kama Mswahili, ndugu yangu, utaona ni barua. Unakumbuka tulivyofundishwa shuleni? Salamu kwanza, halafu: "Mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako uliye mbali nami." Silk anafanya hivyohivyo. Anamuuliza mama hali, anamwambia yeye hajambo na anatumaini mama naye hajambo. Mtu ambaye babu zake walitolewa huku kwa minyororo anakaa kwenye kilima cha Manchester na kuandika nyumbani, kwa adabu ya mtoto aliyelelewa vizuri.

Sasa weka barua hiyo kwenye kalenda yetu. Mimi mwaka 1994 nilikuwa na miaka tisa. Julai ile watu mamia ya maelfu walivuka mpaka kutoka Rwanda wakaingia Goma kwa siku chache. Kipindupindu kikafuata. Maiti zilikuwa zinapangwa kando ya barabara, zimefungwa kwenye mikeka, na ardhi yetu ya mawe ya volkano ilikataa kuchimbika. Kufikia Desemba kambi za Kibumba, Katale na Mugunga zilikuwa miji. Watu walikuwa wanajaza vikaratasi vya Msalaba Mwekundu kutafuta ndugu: jina, jina la baba, mahali ulipomwona mwisho. Barua ya Silk ilikuwa njiani wakati huo. Inauliza, mama hujambo? Mama hakuwa mzima.

Kwa hiyo naelewa kwa nini haikupokelewa siku ile. Ila iliandikwa kwetu.

#6. Mchangiaji, Bukavu

Mwanangu, mimi ni mama mtu mzima, reggae naisikia tu kwa watoto. Hiyo habari ya mama yake ni ya kweli? Kwamba alikuwa ameshatoka kwenye moto akarudi?

#7. Mwenye uzi

Shikamoo mama. Ni kweli.

Nilitaka kuichelewesha sehemu hii, lakini umeuliza. Mwaka 1994 mambo yalikuwa yanamfungukia. Kabla ya hapo mwili ulikuwa umemgomea, akaacha majukwaa kwa miezi kadhaa. Sasa alikuwa amerudi, ameimba kwenye tamasha za Sunsplash na Sumfest, amezunguka na bendi yake, Jahpostles, na amesaini na kampuni kubwa ya Marekani, Atlantic. Albamu ya kumpeleka ulimwenguni ilikuwa inatayarishwa.

Wezi walikuwa wamevunja nyumba yake. Akaazima bunduki ili ajilinde. Tarehe 9 Desemba 1994 alikuwa nyumbani kwa mama yake, Mandeville, pamoja na marafiki, na wakawa wanaangalia jinsi bunduki ile inavyotumika. Ikafyatuka bila kukusudiwa. Risasi ikapiga mtungi wa gesi. Nyumba ikashika moto mara moja. Walikimbia nje, na wakiwa nje wakatambua kwamba mama amebaki ndani. Silk akarudi. Hawakutoka, yeye wala mama yake. Alikuwa na miaka 28.

Uvumi mwingine ulizunguka baadaye, wa maadui na njama. Siubebi humu. Hicho kilichotokea kinatosha, na mimi nikikifikiria siwazi bunduki. Nawaza zile hatua za kurudi, kutoka uani hadi mlangoni. Hakuna aliyemtuma.

Mama, nikuambie na jambo la nyumbani kwetu. Mwaka juzi tulichoka na bei ya makala, yaani makaa, dada yangu akanunua bombone ya gesi. Wakaiweka jikoni, ndani, karibu na mlango wa chumba cha mama yetu. Sikusema kitu. Nilichukua siku mbili, nikajenga kiboma cha mawe ya volkano nje ya ukuta, kimo cha kiuno, nikaingiza bombone humo na kupitisha mpira wa gesi kwenye tundu. Wakaniuliza kwa nini najitesa hivyo. Nikawasimulia habari ya mtu wa Mandeville. Mama yetu alisikiliza mpaka mwisho, akashika kichwa, akasema: "Huyo mtoto alinyonya." Kwa Kiswahili chetu mnajua amesema kitu gani.

#8. Mchangiaji, Bukavu

Alinyonya kweli. Mungu awaweke pamoja. Asanti mwanangu.

#9. Mchangiaji, Goma

Yaya, mimi nina miaka kumi na tisa, natumia simu tu. Nianzie wapi? Na wewe ulimjulia wapi wakati huku hakukuwa na intaneti?

#10. Mwenye uzi

Mdogo wangu, naanza na swali la pili.

Kaka yangu mkubwa alikuwa mpenzi wa reggae. Karibu mwaka 1997 alinunua kaseti kwenye kibanda kimoja cha Birere kilichokuwa kinanakili kaseti. Ilikuwa ya dakika tisini, na juu yake mwenye kibanda aliandika kwa kalamu ya biki: REGGAE 4. Basi. Hakuna jina la mwimbaji, hakuna jina la wimbo. Upande A, sauti moja ya hariri mfululizo; upande B, mchanganyiko, na Tosh alikuwemo. Hivyo ndivyo watu wa mji huu walivyompokea Silk, ndani ya kaseti zisizo na majina, akiwa amelala mgongo kwa mgongo na marehemu wengine. Yule motari labda alirithi kosa hilo kwa baba yake.

Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ikapasuka na lava ikaingia mjini. Tulikuwa tunaishi upande wa Birere. Kaka alipakia kwenye chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao, godoro, sufuria na redio, tukakimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka wa Rwanda, na umati wote wa Goma. Nyuma yetu nyumba ilifunikwa. Leo pale pamejengwa juu ya jiwe. Kulikuwa na sanduku zima la kaseti, liliishia humo. Usiku wa pili huko Gisenyi, kaka alifungua redio abadilishe betri, akakuta REGGAE 4 imo ndani. Ilikuwa imebaki mahali tulipoizima siku ya Alhamisi, katikati ya "Zion in a Vision". Tulikaa chini ya shiti watu wengi tusiojuana, na kaka akabonyeza.

Jina la mwimbaji nililipata miaka mingi baadaye, nilipousikia wimbo huohuo kwenye redio moja ya ng'ambo na mtangazaji akamtaja. Nililiandika kwenye kiganja.

Wapi uanzie. Usianze na mikusanyiko yenye nyimbo thelathini, utachoka. Anza na "Hello Mama Africa" kwa sababu utaitambua. Kisha nenda "It's Growing", albamu nzima, kwa mpangilio wake. Wimbo wenye jina hilo ni wa mapenzi, na utasikia kwamba hakuwa mtu wa Mungu tu, alijua pia kumbembeleza mwanamke. "Splashing Dashing" uwekee sauti kubwa. "Oh Me Oh My" usikilize peke yako, usiku. "Lord Watch Over Our Shoulders" unajua sasa kwa nini nauheshimu. Ukiwa tayari kwa nyimbo zake za mwisho, tafuta mkusanyiko uliotolewa na Atlantic mwaka 2000. Na ukipenda kujua damu ilikoendelea, ndugu yake Aaron Silk aliimba, na mwanawe Garnet Silk Jr. anaimba.

Mimi nimemaliza. Usiku huu nimeziweka nyimbo saba kwenye flashi, na kila faili nimeliandika jina kamili: mwimbaji, wimbo, aliyeutengeneza. Kesho saa moja asubuhi niko Signers. Yule motari ana gileti (kizibao) nyekundu na kofia ya kinga iliyofungwa kwa gundi ya karatasi upande wa kushoto. Mwenye kumjua aniambie.